Nyuzi Nilizokata Marabo

Watu wa Bunia wananiita Ingénieur Mathieu. Uingénieur sikuusomea popote. Nilianza kufungua redio za watu nikiwa na miaka kumi na tisa, katika kibanda cha mbao karibu na soko kuu, na kwa kuwa nyingi zilifungika tena na kusema, jina likanikaa. Nililipenda kupita kiasi. Mtu akiniita Mathieu tupu, nilikuwa nachelewa kuitika.

Lakini ninayetaka kumsimulia hapa ni Honorine Berocan. Yangu yatatoka humo humo, maana siwezi kumweleza yeye nikajiacha mimi pembeni nikiwa msafi. Nilijaribu mara mbili kuandika hivyo, na mara zote mbili nilichana karatasi.

Honorine ni binti wa Mahagi-Port. Mama yake alinunua samaki ziwani, akawakausha na kuwapeleka Bunia kwa lori, na kwa samaki hao akamsomesha binti yake umeme. Darasani walikuwa wavulana ishirini na sita na yeye. Alipofika mwaka wa mwisho, shule ikamtuma kwangu kufanya stage, yaani mazoezi ya kazi. Nitasema ukweli: nilimpokea kwa sababu barua ya shule iliandikwa "Monsieur l'Ingénieur". Ingekuwa imeandikwa "Fundi Mathieu", huenda ningesema kibanda changu kimejaa.

Juma la kwanza alinichosha. Nilimpa nyaya mbili aziunganishe, kazi ya dakika moja, naye akaniuliza:

"Papa, courant ngapi itapita hapa?"

"Itapita yote," nilimjibu.

Wateja walicheka. Naye alicheka, kisha akatoa kalamu na kupiga hesabu zake juu ya paja. Kisha akachukua domino. Kwa asiyeijua, domino ni kile kipande cha plastiki chenye matundu na visi, yaani skrubu ndogo: waya mmoja unaingia huku, mwenzake kule, unakaza visi, vinashikana. Hapa kwetu inauzwa kwa mafungu sokoni, pembeni ya sabuni na betri. Honorine aliigeuza, akaisogeza dirishani, akakaza macho. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anasoma. Nikaichukua, nikatazama, na kweli ubavuni kulikuwa na herufi ndogo sana: ni waya wa unene gani unaoingia, na ni umeme kiasi gani unaopita bila kuunguza. Nilikuwa nimefunga domino miaka ishirini na sikujua kwamba zina maandishi.

Mtu mwenye akili angesema, "Kumbe! Nifundishe." Mimi nilisema, "Weye unasoma domino sawa vile bakristo banasoma Biblia." Wakacheka tena, na aibu yangu nikaifunika kwa kicheko chao. Nilikuwa stadi wa kufunika namna hiyo.

Alikuwa na desturi zake. Akishakaza visi, aliuvuta ule waya kwa nguvu, kama anayetaka kuung'oa. Wateja walishtuka wakidhani anaharibu. Yeye aliwaambia, "Kama inatoka, muzuri itoke mu mukono yangu." Nyaya laini, zile zenye nyuzi nyingi ndani, hakuziingiza tupu chini ya visi. Alizivalisha kwanza kikofia kidogo cha bati, akakibana kwa pensi yake, koleo dogo la mkononi, ndipo akaingiza. Mimi sikuvalisha kitu. Mimi nilipiga étain. Nilichovya ncha ya waya katika risasi ya kulehemu mpaka nyuzi zote zikawa kitu kimoja, kigumu, kinachong'aa, na ndicho nilichokaza. Ni mtu wa redio mimi, na ndani ya redio étain ndiyo kila kitu. Kazi yangu ilipendeza kwa macho.

Siku moja alinisogelea tukiwa wawili, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Papa, étain iko laini. Chini ya visi inakimbia pole pole. Leo umekaza, kisha mwezi moja visi iko inacheza. Na mahali visi inacheza, panapata moto."

Angalieni heshima ya mtoto huyu: alingoja wateja waondoke. Na angalieni yangu: nilimjibu kesho yake, wateja wakiwa wamejaa. "Miye nilianza kupiga étain mbele mama yako ajuane na papa yako!" Uso umeumbwa na haya, husema watu. Wangu siku zile ulikuwa umeumbwa na kitu kingine.

Stage ilikwisha, akabaki kwangu miaka mitatu. Wateja walianza kuja wakisema, "Tunaomba ule binti." Mtu mzima hapaswi kumwonea wivu mtoto aliyemfundisha mwenyewe, lakini nilimwonea, na nilikuwa nikijidanganya kwamba ni uchovu tu.

Ndipo kazi ya Marabo ikaja.

Huko Marabo, nje kidogo ya barabara kuu, kuna kituo kidogo cha afya ambacho wakulima walijijengea wenyewe. Muuguzi wake mkuu ni Angélique, mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Mwenyekiti wa kamati ni Aaron, mkulima na mfanyabiashara wa maharagwe, ambaye hata salamu huitoa kwa sauti ya mkutano. Walikuwa wamepata mabamba ya umeme wa jua, batri na friji ya chanjo. Kabla ya hapo, kila siku ya chanjo mtu alipaswa kupanda pikipiki mpaka Bunia kufuata dawa katika sanduku la barafu, na mvua ikiharibu njia, watoto walirudi nyumbani bila sindano. Vyombo vyote vilikuwepo, palibaki kuviunganisha. Aaron alimtaka Ingénieur, Angélique alimtaka Honorine. Tukaenda wote wawili.

Kulikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko Marabo. Ndugu yake Aaron alikuwa akijenga maternité, nyumba ya kujifungulia, huko Mongbwalu kwa ajili ya wake wa wachimbaji, na alitafuta mtu wa kumkabidhi umeme wote wa nyumba hiyo. Aaron alimwambia Honorine wazi: kazi ya hapa ikishika vizuri, ni weye nitakayemtuma. Miezi mitatu ya kazi, na jina lake mwenyewe juu ya karatasi. Siku ile tulirudi Bunia juu ya pikipiki moja, na nilimsikia nyuma yangu akiimba. Hakuwa mtu wa kuimba.

Ukutani mwa kituo tuliweka sanduku la chuma. Humo ndimo nyaya za mabamba, za batri na za friji zinamokutana, kwa hiyo mafungio ya humo ndiyo kila kitu. Kwa ule waya mkubwa wa batri Honorine alitaka bornier nene, yaani domino kubwa yenye visi viwili kila upande, na soko zima la Bunia halikuwa nayo. Aliiagiza kwa mfanyabiashara wa Butembo. Mvua ikakata barabara upande wa Komanda, malori yakalala njiani, tukaambiwa jumanne. Lakini Aaron alikuwa amekwisha kualika watu kwa jumamosi. Chef wa kijiji alialikwa, mchungaji, padri, kwaya mbili. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya kituo.

Honorine akasema, "Tungojee. Samedi tuwashe taa tu. Frigo tutaiwasha mardi."

Neno la busara lilikuwa hilo, na kila mtu mwenye masikio angelisikia. Lakini alhamisi Aaron alinivuta pembeni, akaniwekea mkono begani.

"Ingénieur," aliniambia, "inawezekana ao hapana?"

Mtu anayeitwa Ingénieur mbele ya mwenyekiti, atasema hapana? Nilisema inawezekana.

Ijumaa Honorine alirudi Bunia kuuliza habari za lile lori. Nikabaki na sanduku peke yangu. Mfukoni nilikuwa na domino za taa, zile zile za mafungu ya sokoni. Safari hii nilisoma maandishi yake, na yalinikataza. Nikajiambia: ni douze volts tu, volti kumi na mbili. Hili ni kosa letu wengi hapa. Umeme wa groupe, wa jenereta, tunauogopa kwa sababu unaua. Wa batri tunaushika hata kwa mkono wenye maji, kwa hiyo tunauona kama mtoto. Honorine alinieleza mara nyingi kwamba ni kinyume: volts zikiwa chache, ili kazi ile ile ifanyike, lazima umeme mwingi zaidi upite, na unaopita kwa wingi ndio unaochoma mahali pembamba. Nilikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimemwelewa pia.

Waya ule wa batri ulikataa kuingia katika tundu. Ulikuwa mnene, wa nyuzi nyingi. Basi nikachukua pensi na kuzikata nyuzi za pembeni, moja moja, nikizunguka, mpaka waya ukakonda. Nilikata karibu nusu. Zilizobaki nikazipiga étain mpaka zikang'aa, nikaziingiza, nikakaza visi kwa nguvu zangu zote, nikafunga sanduku na kutia ufunguo mfukoni. Nyuzi zilizokatwa nilizikusanya sakafuni na kuzitupa chooni. Kama ningeamini kazi yangu, ningezitupa hapo mlangoni tu.

Friji ikanguruma. Aaron akanikumbatia.

Jumamosi Honorine alifika mikono mitupu na kuikuta inafanya kazi. Hakufurahi.

"Papa, ulifunga na nini?"

"Nilipata bornier kwa mutu moja hapa."

"Naweza kuona?"

"Leo ni sikukuu, mutoto wangu. Utaona siku ingine."

Kwaya ilianza, Aaron akatuvuta mbele tupigiwe makofi, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Jumanne mzigo wa Butembo ulipofika, nilimwambia Honorine autunze kwa kazi nyingine. Aliniuliza tena mara mbili kuhusu ufunguo wa sanduku. Mara zote mbili nilikuwa nimeusahau nyumbani.

Wiki tatu zilipita. Jumatatu asubuhi Angélique akapiga simu. Sijui domino ilikufa jumamosi au jumapili, kituo kikiwa kimya. Alipofungua friji asubuhi ile, ilikuwa na joto kama kabati la nguo. Dawa zote zilikuwa za kutupa. Na ilikuwa siku ya chanjo. Tulipofika na Honorine, wamama walikuwa bado wameketi kwenye mabenchi na chini ya ukuta, watoto mgongoni na mapajani. Wengine walikuwa wametoka vilimani kabla jua halijachomoza. Hakuna mtoto aliyekufa kwa sababu ya siku ile. Nilifuatilia, na namshukuru Mungu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hivyo, na zilikuwa siku ambazo surua ilikuwa ikitajwa kila mahali.

Aaron hakutusalimu. Nilitoa ufunguo, nikafungua sanduku mbele ya kamati na mbele ya wamama. Harufu ikatoka. Domino ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, imegandia ukutani mwa sanduku.

"Nani alifunga hapa?" Aaron aliuliza.

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaposimulia uongo wao hudai kwamba ulimi uliteleza. Wangu haukuteleza. Nilifikiri, nikachagua.

"Kufunga yote ni ya Honorine," nilisema. "Miye niko mutu ya radio."

Hivyo ndivyo Ingénieur alivyojivua uingénieur wake, kwa sentensi mbili, jina alilolibeba miaka yote ile.

Honorine alisogea kwenye sanduku. Alichukua pensi, akaing'oa ile domino, akaushika ncha ule waya. Siri ya maiti aijuaye ni mwosha. Niliona kidole gumba chake kikipita juu ya nyuzi zilizokatwa, kikafika kwenye étain, kikasimama hapo. Bunia nzima hakuna aliyejua mkono wangu wa étain kuliko yeye. Akainua macho, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa akingoja. Mimi nikatazama miguu ya wamama, viatu vyao vya plastiki vyenye udongo mwekundu, na nikaendelea kuvitazama.

Kwetu mtoto hamvui nguo mzee mbele ya watu, na mwanafunzi hamsahihishi fundi wake mbele ya wenye kazi. Alinipa nafasi nijivue mwenyewe. Alipoona sijivui, aliwageukia wale wamama.

"Bamama, mutusamehe. Kazi nitairudilia leo."

Alisema "mutusamehe". Hata hapo hakujitenga na mimi. Akatoa katika mfuko wake ile bornier ya Butembo ambayo alikuwa akiibeba kila siku tangu ifike, akakata waya mahali pazima, akauvalisha kikofia chake, akakaza, akauvuta. Kabla ya saa sita friji ilikuwa inanguruma. Lakini Aaron hakungoja mpaka saa sita. Alisimama pale pale uani, akapiga simu Mongbwalu kwa sauti yake ile.

"Ule binti niliyekuambia, acha! Tafuta mutu mwingine. Frigo ya batoto imeungua mu mikono yake."

Nilisikia. Honorine alisikia pia, kichwa kikiwa ndani ya sanduku. Mkono wenye bisibisi ulisimama kidogo, kisha ukaendelea na kazi.

Tulirudi Bunia juu ya pikipiki moja, kama siku ile ya wimbo. Njia yote nilikaza macho kwenye mashimo ya barabara. Kesho yake hakuja kazini. Vyombo vyangu alivyokuwa ameazima aliviacha kwa jirani, vimefutwa vizuri.

Maneno yana miguu. Muda si muda hata watu wa mtaa wa Nyakasanza walijua kwamba yule binti wa Mathieu aliunguza friji ya watoto. Waliokuwa wakimtafuta yeye wakaja kunitafuta mimi, na mimi nikapokea kazi zake. Naomba msomaji asipite haraka hapo. Nilipokea kazi zake. Yeye alifungua meza ya kuchaji simu katika mtaa wa Mudzipela, na mimi nilipokuwa na safari ya upande ule nilipitia njia ya mbali.

Mke wangu Espérance aliuliza Honorine yuko wapi. Nilisema ameondoka kwa kiburi.

"Honorine? Kiburi?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, mwenye kiburi wa nyumba hii tunamujua."

Miezi minne ilipita hivyo. Sikutubu kwa sababu ya ndoto wala mahubiri. Ilikuwa mchana, nilikuwa nafunga umeme katika duka la mama mmoja muuza vitenge. Nilikuwa nimenunua pensi kama ile ya Honorine na vikofia vyake, maana baada ya Marabo mkono wangu uliogopa étain chini ya visi. Nilivalisha, nikakaza, nikavuta waya kwa nguvu. Yule mama akashangaa.

"Ingénieur, hii namna ya kuvuta, ulijifunza wapi?"

"Hii? Niliijua tangu zamani," nilisema.

Lilitoka lenyewe, laini, bila jasho. Ndipo nilipojiogopa. Nilikuwa nimemnyang'anya jina, nikamnyang'anya Mongbwalu, nikamnyang'anya wateja, na sasa nilikuwa nikimnyang'anya hata ule mkono wake. Nilimaliza kazi ya duka lile, nikaenda nyumbani saa ya chakula, nikamweleza Espérance yote tangu ijumaa ile mpaka nyuzi za chooni. Aliacha kula. Alisukuma sahani pembeni, na alipozungumza hakuwa na mzaha.

"Unanielezea miye juu ya nini? Miye si kamati ya Marabo. Kwenda uko."

Nilichagua siku ya chanjo makusudi. Nilikuwa nimesema uongo mbele ya wamama, ukweli nao wausikie wao. Angélique alikuwa akiandika majina, Aaron alikuwa akipanga mabenchi. Nilivua kofia, nikasimama katikati ya uwanja, nikasema. Nilitaja domino ya taa, nilitaja pensi, nyuzi, étain, ufunguo niliousahau nyumbani nikiwa nao mfukoni. Nilisema, "Honorine hakugusa ule waya. Ni miye."

Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Afadhali wangefanya hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alisema polepole, "Na siye tulimulaani ule mutoto. Mu njia yote ya kurudi tulimulaani." Akafunika uso wake kwa kitenge. Ilikuwa aibu yangu, na yeye ndiye aliyejifunika.

Aaron, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ya chini. Alipiga simu Mongbwalu. Aliongea kidogo, akasikiliza, akaishusha. Fundi mwingine alikuwa ameanza siku ile ile ya simu ya kwanza, na maternité ilikuwa imeshawaka taa.

Angélique alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Honorine anajua kama umekuja?"

"Bado. Nitakwenda sasa."

"Ulianza kwetu?" aliuliza. Akatikisa kichwa, akarudi kwa watoto wake.

Neno hilo lilipaswa kunizindua, lakini halikunizindua. Niliondoka Marabo nimejaa wepesi. Nimesema nitasimulia bila kujifunika, basi hili nalo liandikwe: njiani nilijisikia mtu mzuri. Nilijiona nikifika Mudzipela, nikimwambia kwamba jina lake ni safi, na yeye akilia kidogo, akinishika mikono miwili, akisema aksanti Papa. Nilikuwa nimeshapanga na jibu langu. Ningemwambia arudi kibandani, tuwe sawa sawa, hata kibao cha mlangoni tungekiandika majina mawili.

Nilimkuta mezani pake, simu kama thelathini zimepangwa mbele yake, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Alinyanyuka akanipa kiti, kama zamani. Nilikataa kiti. Nilimweleza yote, na mbele ya wateja wake, maana nilidhani hilo nalo litampendeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Katikati alichomoa simu moja iliyojaa, akachomeka nyingine.

"Papa," alisema nilipomaliza, "kosa ya domino haikunifanya kitu. Kila fundi anaunguza. Na miye nitaunguza siku moja."

"Najua, mutoto wangu."

"Ile siku nilingoja. Nilisema mu roho yangu: sasa atasema. Aaron alipiga téléphone, nikasema: sasa atasema. Tulirudi mpaka Bunia, mugongo yako iko mbele yangu, nikasema: hapa tuko wawili, batu habako, hapa atasema." Aliondoa vumbi juu ya simu moja kwa kidole. "Miezi ine nilikuwa naangalia hii njia. Nilijua namna unatembea. Niliona unapita kule mbali."

"Nimesema sasa. Mbele ya kamati yote. Mbele ya bamama."

"Ni muzuri. Kule batajua. Aksanti."

Aliisema hiyo aksanti vizuri, bila kejeli. Nilingoja iliyobaki. Kinywani mwangu lilikuwa tayari lile neno la kibao chenye majina mawili, nikafungua mdomo nilitoe.

"Papa, uko na téléphone ya kucharger?" aliniuliza. "Kama haiko, songa kidogo. Batu bako nyuma yako."

Nikageuka. Nyuma yangu walisimama mama mwenye beseni na vijana wawili, simu mkononi, wanangoja. Nikasogea.